Fundi Aliyetuambia Tuje Alhamisi

Jumanne ya juma lililopita, nikiwa na kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, nilimpongeza marehemu kwa kufa kwake. Naungama kosa hilo mapema ili wasomaji wangu wa kila wiki, hasa wale wanaopenda kuniandikia kunisahihisha, wacheke wamalize, kisha tuzungumze. Ujumbe uliingia katika kundi letu la wazazi kwenye simu. Uliandikwa na mama mmoja ambaye hapendi maneno mengi: "Fundi wetu ametutoka asubuhi hii." Miwani yangu ilikuwa chumbani, na kwa majuma mawili nilikuwa nikingoja habari njema kutoka hospitali alikolazwa Fundi, basi mimi nikasoma kwamba ametoka. Silabi moja tu iliniponyoka, ile "tu" ya katikati, na mtu aliyekufa akawa amerudi nyumbani mzima. Nikaandika kwa furaha kubwa: "Hongera sana kwake! Alhamisi tunakuja na keki." Na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa kundi, na watu hudhani mwandishi husoma vizuri, wazazi wengine wakanifuata bila kusoma. Hongera, hongera, hongera tele. Mmoja akaleta picha ya maua, mwingine viganja vinavyopiga makofi. Tulifika hongera tisa kabla ya yule mama wa maneno machache kurudi na kuandika, "Mwandishi, soma tena." Nikaenda kuchukua miwani, nikasoma tena.

Niliufuta ujumbe wangu, lakini simu za siku hizi hazina sitara. Ukifuta, inabaki alama kwamba umefuta, na watu tisa walikuwa wameshaona. Nikakaa nikalia, na katikati ya kulia nikashikwa na kicheko, mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimepaliwa. Nilipomweleza naye akacheka huku machozi yakimtoka. Tulijua sote wawili kwamba kama kuna mtu ambaye angefurahi kupewa hongera siku ya kufa kwake, ni huyo Fundi wetu. Hakuwa rafiki yangu wa kutembeleana. Nyumbani kwake sikuwahi kukanyaga hadi siku ya mazishi. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule hapa Malindi, mwenye duka la mlango mmoja na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kuwekea vitu. Alitoka bara miaka mingi iliyopita akimfuata mumewe aliyepata kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, na Kiswahili chake hadi mwisho kilikuwa na vumbi la safari hiyo. Sisi tulimwita Mama Fundi.

Ili mumwelewe, lazima kwanza nimtoe binti yangu hadharani, naye amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nisimpunguzie kosa hata moja. Leo ana miaka kumi na mitatu. Tulipokutana na Mama Fundi alikuwa na saba, na alikuwa akikataa. Sisemi alikataa hiki au kile. Kukataa ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliamka mapema kuifanya. Alikataa viatu, alikataa kuchanwa nywele, alikataa kuingia bafuni na akishaingia akakataa kutoka. Alikataa kuwaamkia wakubwa, jambo ambalo pwani hii ni aibu ya ukoo mzima. Mchungaji wetu alipomwinamia akingoja shikamoo, mtoto alimtazama miguu akauliza ina nini hata ishikwe. Shuleni mwalimu mmoja alimwita kichwa ngumu mbele ya darasa, naye akapanda juu ya mnara wa tangi la maji na kutangaza kwamba hashuki mpaka aombwe radhi. Nilipigiwa simu nikiwa naandika makala, nisameheni, kuhusu malezi. Nilikuta shule nzima imesimama uwanjani inamtazama juu kama mwezi wa Idi, na yeye anakula andazi. Alishuka saa saba mchana, baada ya kuombwa radhi, akamwambia mwalimu asirudie tena.

Tulijaribu yote mnayoyajua. Tulibembeleza, tulifoka, na sitawaficha kwamba kandambili nazo zilitumika, na kila nilipozitumia niliondoka pale nikijiona mimi ndiye mtoto. Mke wangu alisema mimi ni mlegevu, mimi nikasema yeye ni mkali kupita kiasi, na nyumba ikawa na wakaidi watatu. Jirani walitupa pole. Ndugu walitupa pole, kisha wakaongeza kwamba wao watoto wao hawathubutu. Ndipo mama yangu alipopiga simu kutoka Vitengeni akasema tumpelekee mjukuu wake. Huko kuna shule, kuna mbuzi, kuna shamba la kulimwa, na kuna yeye mwenyewe. Katika mihula miwili atakuwa amenyooka. Tulijadiliana siku mbili, kisha tukakubali. Nataka kulisema hili waziwazi kwa sababu linaniuma hadi leo: tulikubali, na tulipokubali tuliona nafuu. Mke wangu alifungasha begi akalisukuma chini ya kitanda. Mtoto hakuambiwa neno. Kilichobaki ni sare ya shule ya Vitengeni, nayo ilitaka fundi jasiri, maana watatu wa kwanza walikuwa wameshindwa. Wa kwanza alikimbiwa, wa pili aling'atwa kidole, wa tatu tepu yake ya kupimia haijaonekana mpaka leo.

Basi nikafika kwa Mama Fundi na kitambaa cha kijani kwapani na mtoto nimemshika mkono kama mshukiwa. Nikaanza kumwonya mapema, kama muungwana, kwamba huyu ni mgumu kidogo. Akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Hongera." Nikadhani ananifanyia mzaha. Kisha akamgeukia binti yangu, akavua tepu shingoni akampa, akamwambia tepu hiyo imezeeka na huenda siku hizi inasema uongo, kwa hiyo ampime yeye Fundi kwanza ili wajue. Mtoto alikuwa amejitayarisha kukataa kupimwa. Kukataa kupima hakuwa amefikiria. Akamzungushia tepu kiunoni, na palihitaji safari, akasoma namba kwa sauti ambayo nina hakika ilivuka barabara. Fundi akasema haiwezekani, apime tena. Akapima tena, namba ikaongezeka. Wakabishana, mtoto akishikilia namba yake na Fundi akilalamika kwamba anadhulumiwa dukani kwake mwenyewe, mpaka wakaishiwa na pumzi kwa kucheka. Baada ya hapo Fundi akachukua kipande cha karatasi akasema sasa mtoto ajipime, yeye ataandika. Akajipima. Kwa mabega akataja inchi arubaini. Nikafungua mdomo kusema kwamba mabega ya inchi arubaini ni ya mchukuzi wa magunia, Fundi akaninyooshea chaki.

"Baba, ngoja," akasema. "Mimi na kastoma wangu tunaongea."

Akaandika arubaini. Kisha akauliza ni shule gani, nikamtajia, kwa sauti ndogo ili mtoto asisikie. Akauliza sisi tunakaa wapi, nikasema hapa hapa Malindi. Akakikunja kile kitambaa polepole, akakifunga kwa utepe pamoja na karatasi ya vipimo, akakipandisha kwenye rafu ya juu. Halafu akaniambia maneno mawili ambayo kila Mswahili aliyewahi kupeleka nguo kwa fundi anayajua na kuyaogopa: njoo Alhamisi.

Nilikwenda Alhamisi. Haikuwa tayari, na hilo halikunishangaza, maana ahadi ya fundi ndivyo ilivyo na mtu hukasirika kwa desturi tu. Kilichonishangaza ni benchi. Palikuwa na wazazi watano wamekaa mbele ya duka, wote wamekuja kuchukua sare ambazo hazikuwa tayari, na mmoja wao, mama aliyetoka Mtwapa, aliniambia kwamba anafuata sare ya mwanawe mwaka wa pili sasa. Akasema hivyo kwa uso mkunjufu kabisa. Kando yake alikaa mwalimu wa chekechea, mtu anayelea watoto thelathini wa wenzake bila taabu, ambaye mwanawe mmoja wa nyumbani alikuwa ameifungia familia nzima nje siku ya Krismasi. Nilihitaji kuja Alhamisi tatu kabla ya kuelewa kwamba lile halikuwa duka la fundi mzembe. Watoto wa kawaida walishonewa sare kwa siku mbili, na pindo safi. Tulioambiwa tuje Alhamisi, na Alhamisi, na Alhamisi nyingine, ni sisi ambao watoto wetu walikuwa wamemshinda kila mtu, na ambao mwenye duka aliona tunahitaji benchi kuliko tulivyohitaji nguo.

Kanuni za benchi hazikuandikwa popote. Ukifika, unaeleza lile baya kuliko yote la juma hilo, bila kupamba na bila kujitetea, na wote wanakwambia hongera. Kisha kabla hujaondoka unataja jambo moja jema alilofanya mtoto huyo huyo. Ukikosa la kutaja, unakaa. Alhamisi yangu ya kwanza nilikaa mpaka Fundi akaanza kufunga madirisha, na wale wengine, ambao wangeweza kwenda zao, wakakaa nami. Nilijipapasa kichwani nisipate kitu. Mwishowe nikasema, kwa shingo upande, kwamba binti yangu hadanganyi. Ukiuliza nani kavunja sahani, atakwambia ni yeye, na atakuonyesha alivyoivunja. Mwalimu wa chekechea akapiga paja lake. Akasema yeye angetoa mkono mmoja apate mtoto wa namna hiyo. Nikarudi nyumbani, msiniulize kwa nini, nikiimba.

Siku moja niliuliza hiyo hongera ilitoka wapi. Fundi akasema ilitoka kwenye ujinga wake. Alipowasili pwani akiwa bi harusi, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia unga tu. Jirani yake akajifungua baada ya siku mbili za uchungu uliotisha mtaa mzima, na wanawake walioingia kumwona, badala ya kumpa pole, walimwambia hongera. Yeye akakaa kimya pembeni akajifunza kwamba pole ni ya shida ndogo, kama kujikwaa, na hongera ni ya shida kubwa sana. Basi mwaka mzima akaitumia hivyo. Aliyeunguliwa na jiko, hongera. Aliyeibiwa kuku, hongera. Walimwona kichaa, mpaka siku mama mmoja alipokuja kwake analia kwamba mwanawe amemtukana mbele ya wageni, Fundi akamshika mikono akamwambia hongera kwa moyo wake wote. Yule mama alinyamaza akamtazama, kisha akaanza kucheka, na akasema huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba anafanya kazi ngumu. Baadaye watu walimsahihisha Fundi. Akawashukuru, akaendelea na kosa lake.

Msidhani ilikuwa hongera tupu na vicheko. Alituuliza maswali ya kuudhi. Alinituma nihesabu amri ninazompa mtoto kutoka anapoamka hadi anapotoka mlangoni, na nilifika thelathini kabla uji haujapoa. Fundi akauliza, kati ya hizo ni zipi ambazo zikivunjwa mtu ataumia. Nikapata mbili: asimpige mtu, na asiondoke bila kusema anakokwenda. Akasema basi hizo mbili tuzishike sisi wazazi wawili kwa sauti moja, bila kelele na bila kubadili, na zile ishirini na nane tuzipumzishe. Mke wangu na mimi tulikuwa hatujasema kitu kwa sauti moja tangu harusi. Tukajaribu. Binti alikwenda kanisani pekupeku Jumapili tatu, na macho ya washirika yakanichoma mgongo kutoka wimbo wa kwanza hadi baraka. Jumapili ya nne jua lilikuwa kali, mchanga ukawa wa moto, akasimama mlangoni akauliza kama kuna mtu anajua viatu vyake viliko. Mke wangu alivileta bila kusema neno, na kutosema neno kule, aliniambia baadaye, kulimgharimu kuliko uchungu wa kuzaa.

Lakini begi lilikuwa bado chini ya kitanda. Muhula ulikuwa unakaribia, mama yangu anapiga simu kila siku ya pili, na mimi ni mtu anayemtii mama yake. Alhamisi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa niliingia dukani bila kukaa kwenye benchi. Nikasema, Mama Fundi, leo naitaka sare yangu, iwe na mikono isiwe na mikono. Akaacha kukanyaga cherehani. Wale wa benchi wakatazamana, nikahisi kwamba wao wanajua kinachokuja.

"Mwandishi," akasema, "mimi nishashona sare kama hiyo yako. Ya kijana wangu. Alikuwa na miaka tisa, akanishinda, nikampeleka bara kwa wazazi wangu. Hiyo niliimaliza siku moja." Akaokota uzi kwenye goti lake. "Alirudi baada ya miaka sita, ana adabu mpaka nikaogopa. Sasa ni mtu mzima, ananiamkia, ananiletea sukari. Tangu arudi hajawahi kunikatalia kitu. Na hajawahi kuniomba kitu."

Nilikwenda nyumbani, nikavuta lile begi, nikarudisha kabatini nguo moja moja, na mke wangu akaja akanisaidia bila kuuliza. Kisha nikampigia mama yangu. Kumwambia kwamba tumebadili nia nilishindwa, mimi ambaye huwaambia wakubwa wa nchi hii wanachostahili kuambiwa. Nikamwambia sare haijawa tayari. Nikamwambia hivyo mwezi uliofuata, na muhula uliofuata, mpaka mwaka ukaisha. Mama yangu aliuliza huyo ni fundi wa namna gani, na kwa nini mwanawe aliyesoma hawezi kutafuta fundi mwingine. Nikasema huyu ndiye bora Malindi nzima, na hapo angalau sikudanganya.

Tangu hapo nimelifikiria sana neno pole. Ni neno zuri, na nchi hii ingekuwa ngumu kuishi bila yake. Lakini lina mahali pake. Tunampa pole aliyefikwa na jambo baya. Sasa mama amesimama sokoni, mtoto wake amejilaza chini anapiga mateke, na sisi tunapita tunasema pole mama. Huyo mtoto ana masikio. Anasikia kwamba mama yake amefikwa na jambo baya, na anajua jambo lenyewe ni yeye. Zamani, nasikia, mtoto alikuwa wa mtaa mzima, na mimi siwatamani sana hao wa zamani kwa sababu mtaa mzima ulikuwa pia na fimbo. Hata hivyo, mtaa huo ulikuwa na watu wa kumpokea mzazi mtoto kwa saa moja akapumua. Siku hizi mtaa umebaki na ushauri peke yake. Mwalimu ana ushauri, mchungaji ana ushauri, shangazi ana ushauri kutoka Saudia kwa simu, na yule kijana wa dukani hana ushauri lakini ana kamera, anamrekodi mtoto wako anapogaragara. Mzazi anapewa kila kitu isipokuwa mahali pa kukaa. Fundi alikuwa na benchi, tena lilikuwa fupi, na mtu wa mwisho alikaa nusu.

Wala sitaki mfikiri kwamba watoto wote wa benchi lile waligeuka malaika. Wapo wanaoendelea kuwatoa wazazi wao jasho, na wangu yumo, ambaye tangu mwaka ule alikuwa akija nami kila Alhamisi kumsikiliza Fundi akisimulia visa vya utundu vya kijana wake. Anawaamkia wakubwa sasa, anaowapenda. Wengine anawapa habari za asubuhi. Nilipomwambia kwamba tunakwenda Marereni kumzika Mama Fundi, nilimsihi njia nzima kwamba watu wa huko hawazijui desturi zetu za Alhamisi, na mimi nimeshafanya aibu ya kutosha kwa familia moja, kwa hiyo akifika kwa wafiwa aseme pole kama mwanadamu. Akanijibu kwamba hawezi kuahidi, kwa sababu yeye hadanganyi.

Wafiwa walikuwa wamekaa chini ya hema. Mumewe Fundi, mzee aliyestaafu zamani kwenye chumvi, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amejiinamia. Kando yake amesimama mwana wao, yule wa sare ya siku moja, mwanamume wa makamo ndani ya suti, akipokea mkono wa kila mtu na kusema asante kwa kuja, asante kwa kuja, bila kukosea hata mara moja. Nilipita mimi, nikasema pole sana. Akapita mke wangu. Kisha binti yangu akamshika mkono, akamtazama usoni akasema, "Hongera."

Foleni ilisimama. Kina mama wa kanisa walioketi nyuma wakageuza vichwa pamoja. Mimi nilitafuta mahali pa kuingia, pakakosekana. Yule bwana akauliza kwa upole amesema nini.

"Hongera," akarudia binti yangu. "Mama yako alikuwa akikutaja kila Alhamisi. Alisema hajaona mtoto anayejua kukataa kama wewe. Akisimulia ulivyokataa kushuka kwenye paa la kanisa alicheka mpaka anavua miwani."

"Alicheka?" akauliza.

"Kila mara."

Basi yule bwana akaketi. Palepale, chini, kwenye mkeka karibu na miguu ya baba yake, na suti yake yote. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hatukujua kama ni kilio au ni kicheko. Nadhani hata yeye hakujua. Mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake. Msimamizi wa shughuli, ambaye alikuwa na ratiba mkononi, akamjia akamnong'oneza kwamba wakati umefika, asimame waendelee. Yule bwana akainua uso uliolowa.

"Sitaki," akasema. "Ngojeni kwanza."

Msimamizi akatazama ratiba yake. Na yule mzee, ambaye tangu tufike alikuwa amejiinamia, akacheka kicheko kikubwa cha mtu aliyekuwa akikitafuta kitu miaka mingi akakikuta mfukoni. "Huyo," akawaambia waliokuwa karibu, "huyo sasa ndiye mwanangu." Tukangoja. Jua lilipanda, ratiba ikaharibika, na hakuna aliyelalamika.

Juzi Alhamisi tulikwenda dukani, watu wote wa benchi, kwa sababu hatukujua pa kwenda pengine. Tulimkuta mwana wa Fundi anapanga vitu, amevaa fulana, naye alikuwa akitungojea. Kwenye cherehani ile ya kuwekea vitu alikuwa ameteremsha mafurushi kutoka rafu ya juu, kila furushi na utepe wake na karatasi yake, akatuita mmoja mmoja tutambue lililo letu. Mama wa Mtwapa alichukua lake. Mwalimu wa chekechea alichukua lake, akageuka ukutani. Langu lilikuwa la kijani. Nilifungua utepe nikatafuta mkono ulioshonwa nusu, au shingo iliyokatwa, au angalau mstari wa chaki, nikakuta kitambaa kimekunjwa vilevile nilivyokileta. Mkasi haukuwahi kukigusa. Nilitazama mafurushi ya wenzangu, na yote yalikuwa hivyo hivyo.

Binti yangu alichukua ile karatasi akasoma vipimo, akacheka kwa inchi arubaini, akajishika mabega kuona kama yamefika. Kisha akauliza sare ya kijani ilikuwa ya shule gani, maana sare yake yeye ilikuwa ya buluu tangu mwanzo. Miaka sita nilikuwa nimelikwepa swali hilo kabla halijaulizwa. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu Vitengeni, na begi chini ya kitanda, na ile nafuu tuliyoiona, kwa sababu aliyenifundisha kutosema uongo alikuwa amesimama mbele yangu. Alikipapasa kitambaa kwa vidole muda mrefu. Nilimwona akiwa na miaka saba, nikamwona akiwa na kumi na mitatu, na nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu yeyote.

"Mimi hiyo sivai," akasema mwishowe. Akakikunja vizuri, akakitia ndani ya mkoba wake, akaketi kwenye benchi akasogea ili nami nipate nusu yangu.

Wasomaji wangu, nimeandika safu hii miaka mingi nikitoa mafunzo ambayo mengi sikuyafanyia kazi. Hili nililifanyia kazi kwa bahati tu, kwa sababu fundi mmoja alikataa kumaliza kazi yake. Ukimwona mzazi amesimama na mtoto wake asiyetii, mbele ya watu wanaotazama, mpe hongera, na kama unalo benchi msogezee. Na ikiwa mzazi mwenyewe ni wewe, na amekuja mtu mwenye nia njema anakwambia mtoto huyo mpeleke mbali akanyooshwe, usibishane naye, wala usimvunjie heshima. Mwambie sare haijawa tayari, na fundi amesema uje Alhamisi.